Kabla ya kuitupa dawa ya tezi ya shingo

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nizungumzie dawa ya tezi ya shingo, ile ya kumeza kila siku, na maudhi yake. Siku hizi mitandaoni, na hata katika kurasa za matangazo ya magazeti, unga wa mwani, mbegu za mlonge na mafuta ya habasoda vinauzwa kwa wagonjwa hawa kwa maneno ya "achana na vidonge vya maisha". Muuzaji anajua pa kushika. Mgonjwa wa tezi huchoka kweli na dawa: moyo unamwenda mbio, nywele zinakatika, usingizi hauji, na akirudi kliniki anaambiwa majibu yako sawa. Ninachotaka kusema ni kwamba sehemu kubwa ya maudhi hayo hutokana na kipimo cha dawa au namna inavyomezwa, na yote mawili yanarekebishika. Dawa mbadala za kweli zipo, ila si hizo zinazotangazwa.

Kwanza tutenganishe wagonjwa, maana mtaani wote huitwa "wa goita". Wapo ambao tezi yao imelegea na haitoi homoni ya kutosha. Hao hupewa levothairoksini, kama vile Eltroxin au Euthyrox. Wapo ambao tezi imezidisha. Hao hupewa kabimazoli. Barua hii inahusu zaidi kundi la kwanza. La pili nitaligusa baadaye, kwa kuwa hatari yake ni ya namna nyingine kabisa.

Levothairoksini ni homoni ileile inayotolewa na tezi yenye afya, isipokuwa hii imetengenezwa kiwandani. Kwa sababu hiyo maudhi yake karibu yote ni dalili za homoni kuzidi: moyo kudunda, mikono kutetemeka, jasho, kuharisha, kukonda bila sababu, hasira za karibu, usingizi kupaa. Ikiachwa kuzidi kwa miaka, mapigo ya moyo hupoteza mpangilio na mifupa hupungua nguvu, hasa kwa wanawake waliokoma hedhi. Uchovu, kuhisi baridi, choo kigumu, ngozi kavu na uzito unaopanda ni dalili za upande wa pili: homoni haijatosha. Kwa hiyo mgonjwa anayesema "dawa inaninenepesha" mara nyingi anahitaji dawa zaidi, na yule anayesema "dawa inaniua moyo" huenda anahitaji ipunguzwe. Wote wawili wakiitupa, wanaelekea kubaya kwa njia mbili tofauti.

Kipimo kamili kwa mtu mzima ambaye tezi yake haifanyi kazi kabisa ni kama mikrogramu 1.6 kwa kila kilo ya uzito. Mwenye kilo 60 anafikia karibu mikrogramu 100. Ambaye tezi yake bado inatoa homoni kidogo huhitaji pungufu ya hapo. Lakini mzee, au mwenye ugonjwa wa moyo, haanzishwi hapo hata siku moja. Huanza na 12.5 au 25, na kupandishwa polepole kila baada ya wiki 6 hadi 8. Wengi wanaolalamika kudundwa na moyo wiki za mwanzo ni hawa waliopandishwa kwa haraka. Dawa hii hukaa mwilini muda mrefu: nusu yake huchukua kama siku 7 kutoka. Ndiyo maana kupima damu siku 10 baada ya kubadilisha kipimo ni kutupa fedha. Subiri wiki 6 angalau, ndipo upime TSH.

Na hiyo TSH isomwe vizuri. Si homoni ya tezi ya shingo, ni amri inayotoka kichwani kuisukuma tezi ifanye kazi. Ikipanda maana yake homoni ya tezi imepungua. Ikishuka sana, homoni imezidi. Nimewasikia wagonjwa wakiambiwa na jamaa zao "TSH imepanda, punguza vidonge", nao wakapunguza. Kwa maabara nyingi kiwango cha kawaida cha mtu mzima ni takriban 0.4 hadi 4.0, ila usome kile kilichochapwa kwenye karatasi yako, kwani mashine hutofautiana.

Sasa namna ya kumeza, ambapo ndipo mambo mengi huharibikia. Kidonge hiki kinatakiwa kikute tumbo tupu, kwa maji matupu, dakika 30 hadi 60 kabla ya kifungua kinywa. Tazama asubuhi ya kawaida ya nyumba zetu: kidonge kinashushwa kwa chai ya maziwa, au kahawa, au kikombe cha uji wa lishe. Kalsiamu ya maziwa inakikamata. Kahawa inapunguza kinachofyonzwa. Uji wa lishe una soya, nayo soya hufanya vilevile. Mgonjwa anameza mikrogramu 100, zinazoingia kwenye damu ni pungufu, na leo si sawa na jana. Daktari akiona TSH iko juu anaongeza hadi 125. Mwezi wa Ramadhani unafika, mgonjwa anaanza kumeza kwa maji matupu, zote 125 zinaingia, moyo unaanza kudunda, na lawama zinakwenda kwa dawa.

Akina mama wajawazito wana mtego wao peke yao. Kliniki wanapewa FEFO, vidonge vya kuongeza damu, na wengine kalsiamu. Madini ya chuma hushikamana na levothairoksini tumboni na kuizuia isipite. Vikimezwa pamoja asubuhi ili visisahaulike, kama wengi wanavyofanya, dawa ya tezi inapungua nguvu, na huo ndio wakati mtoto tumboni anategemea homoni ya mama kwa ajili ya ubongo wake. Acha saa 4 kati yake: ya tezi alfajiri, FEFO mchana au usiku baada ya chakula. Tena mimba huongeza mahitaji kwa robo hivi au zaidi. Utaratibu unaokubalika ni kwamba mwanamke aliye kwenye dawa, mara tu kipimo cha mimba kinaposema ndiyo, aongeze vidonge viwili kwa wiki, yaani 9 badala ya 7, huku akienda kumwona daktari apimwe TSH, na apimwe tena kila baada ya wiki 4 hivi mpaka mimba ifike katikati. Jambo hili lizungumzwe na daktari mapema, kabla mimba haijaingia, ili mama asingoje foleni ya kliniki ndipo aambiwe.

Dawa za kiungulia zenye aluminiamu, magnesiamu au kalsiamu nazo zinataka saa 4 zake. Omeprazo inapunguza asidi tumboni na hivyo kupunguza ufyonzaji. Aliyeanzishiwa kwa muda mrefu apimwe TSH upya. Rifampisini ya kifua kikuu inalifanya ini liichome homoni haraka zaidi, hivyo anayetibiwa TB anaweza kuhitaji kipimo kikubwa kwa miezi yote ya matibabu, kisha kipunguzwe akimaliza. Hili husahaulika sana, maana kliniki ya TB na ya homoni ni milango miwili tofauti.

Kwa wanaofunga, chagua saa moja ushike mwezi mzima. Iliyo rahisi ni kuamka mapema, umeze kwa maji, kisha daku baada ya dakika 30 au zaidi. Nyingine ni kumeza usiku wakati wa kulala, ukiwa umepitisha saa 3 bila chakula. Hii haimfai anayetafunatafuna mpaka usiku wa manane. Kumeza Magharibi halafu kungoja nusu saa mbele ya tende na uji, wachache wanaiweza.

Neno kuhusu joto. Pakiti nyingi zimeandikwa zihifadhiwe chini ya nyuzi 25. Dar es Salaam, Tanga au Mombasa, mwezi wa Februari, kabati la jikoni linapita 30 bila tatizo, na unyevu juu yake. Homoni hii huharibika kwa joto, mwanga na unyevu, polepole, bila kubadilika rangi wala harufu. Usivitoe vidonge vyote kwenye foili na kuvimimina kwenye kichupa cha plastiki. Usiviache kwenye gari. Weka chumba chenye ubaridi zaidi ndani ya nyumba, mbali na jiko na bafu, na ununue vya mwezi mmoja au miwili, si vya mwaka mzima kwa kuwa tu kuna ndugu anayetoka Ulaya.

Likija suala la kukata kidonge, aliyeandikiwa 75 akakuta duka lina 50 na 100 pekee hana haja ya kupigana na kisu. Kwa kuwa dawa hukaa siku nyingi mwilini, anaweza kumeza 50 leo na 100 kesho, wastani ukawa 75. Amwambie tu daktari na aandike kwenye kalenda. Kugawa kidonge cha 100 vipande vinne ndiko kunakoleta vurugu, kwani kipande kimoja kinaweza kuwa na 15 na kingine 35.

Kuna maudhi ambayo kweli hutokana na kidonge chenyewe, yaani vile vitu vinavyochanganywa na homoni kukipa umbo. Mwaka 2017 Ufaransa ilipata msukosuko mkubwa juu ya hili. Levothyrox, iliyokuwa ikitumiwa na watu wapatao milioni 3, ilibadilishwa muundo mwezi Machi: sukari ya laktosi ikaondolewa, ikawekwa manitoli na asidi ya sitriki. Homoni ilikuwa ileile. Maelfu ya wagonjwa walilalamika kwa uchovu, kizunguzungu, maumivu ya kichwa na nywele kutoka, mpaka serikali ikaruhusu muundo wa zamani urudishwe kwa muda mwezi Oktoba mwaka huohuo, pamoja na chapa nyingine. Mpaka leo wataalamu wanabishana kiasi gani kilikuwa mwili na kiasi gani hofu, ila jambo moja lilibaki wazi: tofauti ndogo ya ufyonzaji kati ya chapa na chapa humgusa mgonjwa ambaye kipimo chake ni cha kubana.

Kwa hiyo duka la dawa likikubadilishia chapa, lina wajibu wa kukwambia. Ukiwa umezoea moja na uko sawa, baki nayo; ikibidi kubadili, pima TSH baada ya wiki 6 hadi 8. Nashauri kila mgonjwa akate upande wa boksi wenye jina la mtengenezaji auhifadhi ndani ya kadi yake ya kliniki. Ukipata vipele au kuwashwa, chapa yenye vichanganyo tofauti ndiyo njia ya kwanza ya kujaribu. Chapa nyingi za Marekani hutia rangi kila kipimo, ila kidonge cha 50 huachwa cheupe. Anayetumiwa dawa na ndugu kutoka huko anaweza, kwa idhini ya daktari, kumeza viwili vya 50 badala ya kimoja cha 100 chenye rangi aone kama kuwashwa kunakoma. Kuhusu laktosi, wengi wanaihofia bure: iliyomo ni sehemu ndogo ya gramu, wakati glasi moja ya maziwa ina takriban gramu 10.

Nywele. Miezi ya kwanza ya dawa nywele hukatika kwa wengine, kwa sababu mzunguko wa nywele uliokuwa umelala unaamka. Hutulia zenyewe ndani ya miezi michache. Zisipotulia, pima damu kama ina upungufu wa madini ya chuma kabla ya kuilaumu tezi. Hapa ndipo wagonjwa hununua vidonge vya nywele vyenye bayotini, nusu nzima ya duka la vipodozi siku hizi imejaa vidonge hivyo, na kimoja kinaweza kuwa na mikrogramu 5,000 au 10,000 wakati mwili wa mtu mzima unahitaji kama 30. Bayotini haiidhuru tezi. Inaidanganya mashine ya maabara. Katika mashine nyingi TSH hutoka chini kuliko ilivyo, na homoni hutoka juu. Daktari anaamini dawa imezidi, anaipunguza, na mgonjwa anazidi kuishiwa nguvu huku karatasi ikionyesha kinyume. Acha bayotini siku 2 kamili kabla ya kutolewa damu, na siku ya kipimo meza dawa ya tezi baada ya damu kutoka.

Lipo dhara moja ambalo si la kuvumilia nyumbani. Ukianza dawa kisha ukaishiwa nguvu kabisa, ukatapika, ukaona giza unaposimama, nenda hospitali siku hiyohiyo. Huenda tezi za juu ya figo nazo zimekufa, jambo ambalo kwetu huweza kusababishwa na TB, na levothairoksini inaumaliza upesi ule ugavi mdogo wa homoni yao uliobaki. Hali hiyohiyo huweza kumpata mama aliyevuja damu nyingi wakati wa kujifungua na tangu hapo hakutoa maziwa wala kuona hedhi. Huyo TSH yake haiaminiki, na inabidi apimwe mengine kwanza.

Sasa mbadala wa kweli. Kama TSH iko mahali pake, dawa inamezwa ipasavyo, upungufu wa damu, kisukari na msongo wa mawazo vimekwisha tazamwa, na bado mgonjwa hana nafuu, daktari wa homoni anaweza kujaribu kuongeza liothaironi, ile T3, kwa mikrogramu chache zilizogawanywa mara mbili kwa siku, kwa miezi 3 hadi 6, huku kipimo cha levothairoksini kikipunguzwa. T3 hupanda ghafla na kushuka ndani ya saa chache, hivyo haimfai mwenye moyo mbovu, na haitolewi kwa mjamzito. Ipo pia dawa ya maji na ya kapsuli laini kwa wenye matatizo ya ufyonzaji, ingawa si rahisi kupatikana katika maduka yetu, na gelatini ya kapsuli hutokana na wanyama. Mbadala unaosifiwa sana mitandaoni kuwa "wa asili" ni unga wa tezi iliyokaushwa. Muislamu ajue kwamba tezi hiyo ni ya nguruwe. Kidonge chake cha miligramu 60 kina kama mikrogramu 38 za T4, yaani homoni ile ya levothairoksini, na 9 za T3, uwiano wa 4 kwa 1, wakati tezi ya binadamu hutoa takriban 14 kwa 1. T3 hiyo iliyozidi ndiyo huleta mapigo ya moyo saa chache baada ya kumeza, kwa hiyo anayekimbia kudundwa na moyo anakwenda palepale.

Mwani wetu wa Unguja na Pemba ni zao zuri, lakini unga wake si dawa ya tezi iliyolegea. Una madini joto, na kiasi hubadilika kwa aina na namna ulivyoanikwa. Mifuko mingi haina hata namba ya kiasi hicho. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 150 kwa siku, mjamzito 250, na anayetumia chumvi yenye madini joto kwa kawaida hana upungufu. Tezi iliyoshambuliwa na kinga ya mwili ikimwagiwa madini joto mengi huzidi kulegea. Ile yenye vinundu huweza kulipuka na kuzidisha. Kabichi na sukuma wiki zilizopikwa, zinazokatazwa sana, hazina neno katika mlo wa kawaida. Muhogo mchungu usiolowekwa vizuri ni suala jingine, nalo huwasumbua zaidi watu wanaokosa madini joto, kama ilivyochunguzwa katika kisiwa cha Idjwi, Ziwa Kivu.

Kwa nini basi ushuhuda ni mwingi? Rudi kwenye zile siku 7. Anayeacha vidonge na kuanza unga anabaki na nusu ya homoni baada ya wiki, robo baada ya wiki mbili. Kama alikuwa amezidishiwa, wiki hizo mbili ni za raha: moyo unatulia, usingizi unarudi. Anarekodi video ya shukrani. Baridi na uvimbe wa uso huja wiki ya tano au ya sita, wakati muuzaji ameshahama namba ya simu. Wapo wanaoacha dawa kihalali, mfano mama aliyelegea tezi baada ya kujifungua, ambaye tezi yake huweza kurudi ndani ya mwaka mmoja hivi. Muulize daktari wako swali hili: tezi yangu imelegea kwa sababu gani? Kama ni ya kujaribu kuacha, kipimo hupunguzwa na TSH hupimwa baada ya wiki 6. Aliyeondolewa tezi kwa upasuaji hana cha kujaribu.

Kwa wale wa kabimazoli, kuwashwa na vipele vidogo hutulizwa kwa dawa ya mzio bila kuacha tiba. Lakini homa, koo kuuma au vidonda mdomoni, hasa miezi 3 ya mwanzo, maana yake acha kidonge na upime chembe nyeupe za damu siku hiyohiyo. Kwa wachache, chini ya 1 kati ya 100, dawa hii huzimaliza kabisa. Usikubali kupewa viuavijasumu urudishwe nyumbani bila kipimo hicho. Ikitokea hivyo, propilithayourasili si mbadala, kwani huweza kufanya vilevile, tena ina hatari ya ini. Kilichobaki ni upasuaji au madini joto ya mionzi, ambayo hutolewa hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam. Baada yake wengi huishia kwenye levothairoksini, na madini hayo ya mionzi hayatolewi kwa mjamzito wala anayenyonyesha.

Wenzangu wa maduka ya dawa, tuandike kwenye bahasha "maji matupu, dakika 30 kabla ya chai", badala ya ile "1x1" tunayoandika kwa kila dawa. Na wewe Mhariri, tangazo linalomwambia mgonjwa aache dawa ya hospitali likiletwa mezani kwako, liulize kwanza limesajiliwa na nani.

Mfamasia,
Tanga